DAKTARI, MWANASAIKOLOJIA NA MSHAURI: NANI AFANYA KAZI GANI?

Hotuba ya Katibu wa Mashauri ya Wanachama mbele ya mkutano wa wawakilishi wa wafanyakazi



Nimepewa nusu saa nizungumze juu ya ugonjwa wa akili na watu wanaoutibu. Yafaa niseme mapema kwamba mimi si daktari. Mimi ni katibu tu, na kazi yangu ni kupeleka mashauri ya wanachama mbele ya mwajiri. Lakini jambo hili nimejifunza kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo lilimpotezea ndugu mmoja mshahara wa miezi miwili. Afadhali nilieleze hapa mbele yenu kuliko ninyi mlirudie.

Ndugu huyo sitamtaja jina, wala kiwanda chake sitakitaja. Alikuwa mwendesha mashine, mtu wa miaka 16 kazini, asiyejua kuchelewa. Mkewe alifariki. Baada ya matanga alirudi kazini, na kwa wiki chache sote tulisema ni msiba, utapita. Kisha akaacha kulala. Akaacha kula pamoja na wenzake. Mwishowe akawa anawajibu watu ambao sisi hatukuwaona, akasema mashine yake inamwita kwa jina. Wengine walicheka. Wengine walisema amerogwa. Mimi nilisema apelekwe kwa daktari, na nikajiona mwerevu.

Mjini nilikuwa nimeona ubao ulioandikwa "Dkt.", na chini yake maneno "ushauri na therapi". Nikampeleka huko. Bwana yule alitupokea vizuri, akamsikiliza ndugu yetu kwa saa nzima, akamwambia arudi kila wiki. Tulilipa kila mara. Mara ya nne akaandika barua kwamba mtu huyu amechoka sana, apumzike wiki mbili. Ndugu yetu akaipeleka barua ofisini, akaenda nyumbani. Siku ya kumi akaletewa barua ya kufukuzwa kazi. Ofisi ilisema: amekosa kazini bila ruhusa, na karatasi aliyoleta si cheti cha daktari.

Nilikwenda ofisini kwa hasira. Nikasema, "Si cheti cha daktari kwa vipi, na hapa pameandikwa Daktari?" Karani akanigeuzia barua ile, akaniambia nisome maneno yaliyo chini ya sahihi. Nikasoma. Bwana yule alikuwa na shahada ya udaktari katika mambo ya elimu. Aliipata chuo kikuu kwa utafiti wa miaka mingi, na aliipata kwa haki. Lakini hakuwa tabibu. Hakutudanganya, ndugu zangu. Sisi ndio hatukumwuliza.

FUNDI WA NINI?

Ninyi ni mafundi. Mtu akija karakanani akasema, "Mimi ni fundi," hamumkabidhi mashine papo hapo. Mwamwuliza: fundi wa nini? Umepita mtihani wa gredi ya tatu, ya pili au ya kwanza? Cheti kiko wapi? Fundi wa umeme hamumpi bomba la mvuke alichomee, wala mchomeaji hamumpi nyaya za umeme. Na hakuna asemaye kwamba mmoja ni bora na mwingine ni bure. Kila mmoja ana kazi yake. Basi na tuwaulize hivyo hivyo watu wanaotibu akili.

Kwanza, neno lenyewe "daktari". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni mwalimu. Ndiyo sababu mtu aliyepata shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu huitwa daktari, hata kama alisomea historia au udongo wa mashamba. Sisi wananchi tukisikia "daktari" tunaona koti jeupe na sindano. Hapo ndipo tunapokosea. Herufi tatu zile za "Dkt." zaweza kuwa za tabibu, au za msomi wa saikolojia, au za msomi wa jambo jingine kabisa.

Sasa tuwatazame mmoja mmoja.

Wa kwanza ni daktari wa magonjwa ya akili, ambaye Kiingereza humwita saikayatristi. Huyu ni tabibu kamili. Alisomea udaktari wa mwili mzima chuo kikuu, kwetu Kenya kwa muda wa miaka mitano au sita, akafanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya wakubwa wake, kisha akarudi chuoni kwa miaka kadhaa kusomea magonjwa ya akili peke yake. Hesabu yake yote hukaribia miaka 10 au kuzidi. Huyu ana uwezo wa kupima damu yako na kujua kama kuchanganyikiwa kwako kunatoka katika malaria, au ugonjwa wa tezi, au kifafa, au pombe. Ana uwezo wa kuandika dawa, kukulaza hospitalini, na kutia sahihi cheti cha ugonjwa. Jina lake huandikwa katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na leseni yake huitengeneza upya kila mwaka.

Wa pili ni mwanasaikolojia. Huyu amesomea nia, mawazo na mwenendo wa mwanadamu. Yule wa tiba ana shahada ya kwanza, na juu yake shahada ya pili ya kuwatibu wagonjwa. Ana vipimo vyake vya kujua kumbukumbu na fikira za mtu zilivyo, na kazi yake kubwa ni matibabu ya mazungumzo, ambayo yana mpango, yana mwanzo na yana mwisho. Huenda naye akaitwa Dkt. kwa ajili ya shahada ya tatu. Lakini hapa Kenya haandiki dawa.

Wa tatu ni mshauri, ambaye wengine humwita mshauri nasaha. Huyu amefundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu aliye katika msiba, ugomvi wa nyumbani, ulevi, madeni au hofu ya kupunguzwa kazi. Mafunzo ya washauri hayalingani: mmoja ana shahada mbili, mwingine ana diploma, na mwingine alikaa darasani wiki chache tu. Kwa ajili ya hayo Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, yenye kuweka Bodi ya kuwaandikisha watu hawa wawili, mwanasaikolojia na mshauri. Basi si ufidhuli kumwuliza mshauri kama ameandikishwa. Ni sawa na kumwuliza dereva leseni yake.

Sasa "therapisti" ni nani? Neno hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Limetoka Kigiriki, na maana yake ni mtu anayehudumia au kuuguza. Yule anayekunyosha goti baada ya ajali ni therapisti. Yule anayemfundisha mgonjwa kushika kijiko na kurudia kazi za mikono ni therapisti. Mwanasaikolojia anayetibu kwa mazungumzo ni therapisti, na daktari wa magonjwa ya akili akitibu kwa mazungumzo naye ni therapisti. Kwa hiyo neno hili lakuambia mtu afanya nini, lakini halikuambii alisomea nini. Ukiliona ubaoni peke yake, hujajua kitu bado. Na msidhani ni kwetu tu. Huko Uingereza sheria yalinda jina la mwanasaikolojia wa tiba, hata asiyeandikishwa akijiita hivyo ana kosa; lakini majina ya mshauri na ya mtibu kwa mazungumzo hayalindwi na sheria hata leo.

Na wako watu wawili ambao kwa kawaida hutuwazi habari zao, nao ndio tutakaowakuta kwanza: afisa wa kliniki na muuguzi wa magonjwa ya akili. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache katika nchi yetu, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Mfanyakazi aliye mbali atapokelewa na afisa wa kliniki au muuguzi aliyejifunza zaidi kazi hii. Msiwadharau kwa kuwa hawana "Dkt." Kila mmoja ana baraza lake la kuwaandikisha, na hao ndio wanaojua mgonjwa gani abaki hapo na yupi apelekwe mbele.

DAWA AU MAZUNGUMZO?

Mtaniuliza, "Je, kati ya dawa na mazungumzo, kipi ni bora?" Nami nawauliza: kati ya spana na nyundo, ipi ni bora?

Kabla ya mwaka 1952 hospitali za akili duniani hazikuwa na dawa ya kutegemewa ya kumwondolea mtu sauti asizoweza kuzizuia. Walikuwa na kufuli, maji baridi na dawa za usingizi. Mwaka ule madaktari wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kwamba dawa iitwayo klopromazini humtuliza mgonjwa wa namna hiyo hata akaweza kuzungumza na watu. Tangu hapo wagonjwa wengi wameweza kukaa makwao. Hiyo ni kazi ya dawa.

Lakini dawa haikufundishi kuishi bila mkeo, wala haiondoi hofu ya kuikaribia mashine iliyokukata kidole. Hapo mazungumzo yana kazi. Na mazungumzo ya matibabu si maneno ya kufariji tu. Katika miaka ya 1960 Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Philadelphia huko Marekani, alitengeneza njia ya kumfundisha mgonjwa kuyakamata mawazo yake mabaya na kuyapima, kama mkaguzi anavyopima kazi iliyotoka mashineni. Angalieni: yeye alikuwa tabibu, na akatibu kwa mazungumzo. Wagonjwa wengi huhitaji vyote viwili, na mara nyingi dawa hutangulia, kwa maana mtu asiyelala na anayesikia sauti hawezi kukaa kitako akazungumza.

Ubishi juu ya nani aruhusiwe kutibu ni wa zamani. Mjini Vienna, miaka 100 hivi iliyopita, msomi mmoja aitwaye Theodor Reik alishtakiwa kwamba anatibu watu kwa mazungumzo naye si tabibu. Reik alikuwa daktari, lakini kwa shahada ya saikolojia. Sigmund Freud, ambaye yeye mwenyewe alikuwa tabibu, aliandika kitabu mwaka 1926 kumtetea. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya mazungumzo ina mafunzo yake yenyewe, na tabibu asiyeyapata mafunzo hayo hana haki kuliko msomi aliyeyapata. Mashtaka yalikwisha bila ya Reik kuhukumiwa. Naona Freud alisema kweli, lakini kweli hiyo hukata pande mbili. Aliyejifunza mazungumzo afanye mazungumzo, na asiyejifunza dawa asiguse dawa.

Wala msitoke hapa mkidhani koti jeupe latosha. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910 kuwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimweka huko daktari John Colin Carothers kuwa mkubwa wake. Alikuwa tabibu kweli, lakini alipowekwa hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Huyu ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1953, kikatolewa na Shirika la Afya Duniani, akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka 1954 aliiandikia serikali ya Kenya habari za Mau Mau, akayatia katika mambo ya akili yale ambayo watu walikuwa wakiyadai waziwazi, yaani ardhi na uhuru. Cheo alikuwa nacho, na shahada alikuwa nayo. Kwa hiyo baada ya kusoma cheti cha mtu, msikilizeni pia kama anamwona mgonjwa kuwa binadamu mwenzake.

SHERIA INASEMA NINI

Sasa nifike mahali panapotuhusu sisi wa chama.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mapatano yetu na waajiri yaweza kuwa mazuri kuliko hayo, basi yasomeni. Lakini sharti lake ni cheti cha kutoweza kazi kilichotiwa sahihi na tabibu aliyehitimu, au na mtu anayeshika nafasi ya tabibu huyo katika usimamizi wa zahanati au kituo cha matibabu. Barua ya mshauri haitajwi. Barua ya mwanasaikolojia haitajwi. Zaweza kuwa barua za kweli na zenye faida, na zifungeni pamoja na cheti, lakini zisikae mahali pa cheti. Tena sheria yataka mwajiri aarifiwe mapema iwezekanavyo. Mgonjwa wa akili huenda asiweze kuarifu. Basi arifuni ninyi, kwa maandishi, na mbaki na nakala.

Kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya mfanyakazi kuachishwa kwa kosa, kwa kazi mbovu au kwa kutoweza kazi kwa ajili ya afya, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama amchaguaye. Kwa kifungu hiki ndiko tulikomrudisha ndugu yetu. Alikuwa amefukuzwa kwa barua tu, bila ya kusikilizwa.

Tulimpeleka hospitali ya serikali. Afisa wa kliniki alimtazama kwa robo saa, akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili siku ile ile. Daktari alisema huu ni ugonjwa wa huzuni kuu uliofika mahali pa kumsikizisha sauti, na kwamba tumechelewa. Akaandika dawa na cheti. Baada ya wiki kadhaa sauti zilikoma. Ndipo mwanasaikolojia wa hospitali ile ile akaanza kazi yake, akazungumza naye habari za mkewe na za kurudi mashineni. Tulikwenda mbele ya mwajiri na cheti mkononi. Alirudishwa, akawekwa zamu ya mchana kwa shauri la daktari. Mshahara wa miezi miwili haukurudi. Watoto wake walikaa nyumbani muhula mmoja kwa kukosa karo. Hayo ndiyo matunda ya kutouliza swali moja mlangoni.

MAMBO YA KUSHIKA

Nawaomba kila mwakilishi ayaandike haya katika daftari lake.

1. Mwenzako akisikia sauti, akikosa usingizi siku nyingi, akiwa hatambui watu, au akianza kutetemeka na kuweweseka baada ya kuacha pombe ghafula, mpeleke hospitali. Usianzie kwa mshauri.

2. Akiwa na msiba, deni, ugomvi wa nyumbani au hofu, na bado analala, anakula na kufanya kazi yake, mshauri aliyeandikishwa au mwanasaikolojia aweza kutosha. Huyo naye akiona dalili za ugonjwa mkubwa, wajibu wake ni kumpeleka kwa tabibu.

3. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: Ulisomea nini? Umeandikishwa na baraza gani au bodi gani? Je, waweza kuandika dawa na cheti cha ugonjwa? Mtu mwaminifu hatakasirika.

4. Akisema atajiua, usimwache peke yake hata dakika moja, wala usiogope polisi ukanyamaza. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Mtu huyo ni mgonjwa, apelekwe kwa matabibu.

5. Funga mdomo. Cheti chamwambia mwajiri kwamba mtu hawezi kazi mpaka tarehe fulani. Jina la ugonjwa si habari ya karakana. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 yampa mgonjwa haki ya siri, na mwakilishi anayesimulia habari za mgonjwa mezani pa chai amevunja haki ya mwanachama wake.

Mchungaji, shehe na wazee wa nyumbani sikuwataja, si kwa kuwadharau. Mgonjwa anawahitaji sana. Lakini hata mzee mwenye hekima, mguu ukivunjika, husema, "Mpelekeni hospitali." Na aseme hivyo hivyo juu ya akili.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Ndugu yetu niliyemsimulia alisoma hotuba hii kabla sijaileta, akaniruhusu niisome. Alinitaka niongeze neno moja tu. Alisema wale waliomcheka karakanani hawakumwumiza sana, kwa kuwa siku zile alisikia sauti zilizo mbaya kuliko zao. Waliomwumiza ni wale waliojua kwamba anaumwa wakanyamaza, kila mmoja akingoja mwingine aseme. Basi yeye anawaomba mseme mapema, na mumpeleke mtu mahali panapostahili.